Mvuke wa Bahari na Asili ya Mvua

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huo ni wa kweli, lakini mtu apendaye kujua chanzo cha mambo hawezi kukomea hapo. Kwani mawingu nayo yana asili yake, na asili hiyo ni mvuke, na sehemu kubwa ya mvuke ulio hewani hutoka baharini. Jua liwakapo juu ya bahari, maji hupanda hewani pasipo kuonekana. Upepo huyachukua, baridi ya juu huyarudisha kuwa matone, nayo huanguka chini kuwa mvua. Habari hizi mwanafunzi huzipata tangu madarasa ya chini, na huenda akadhani kwamba zimekwisha. La, hazikwisha. Liko swali ambalo halijibiwi kwa kuyatazama mawingu: mvuke huu ulitoka sehemu gani ya bahari, na siku ulipopanda hali ya bahari na ya hewa ilikuwaje? Insha hii yaeleza jinsi wataalamu walivyojifunza kuyauliza maji yenyewe swali hilo, na jinsi namba moja ndogo, iliyosalia katika hesabu bila maelezo, ilivyowalazimisha kwenda baharini.

Kwanza yatupasa kujua kwamba maji si ya namna moja. Kila molekuli ya maji ina atomi 2 za hidrojeni na atomi 1 ya oksijeni, na uzito wake kwa kawaida ni 18. Lakini miongoni mwa atomi za hidrojeni zimo chache zenye uzito maradufu, ziitwazo deuteri. Na miongoni mwa atomi za oksijeni zimo chache zenye uzito wa 18 badala ya 16. Atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito huitwa isotopu. Jina hilo lilianza kutumiwa na Frederick Soddy, mtaalamu wa Uingereza, mwaka 1913. Nalo latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "mahali pamoja", kwa kuwa atomi hizo hukaa mahali pamoja katika jedwali la elementi. Ziko isotopu zinazovunjika zenyewe kadiri muda unavyopita, na ziko zisizovunjika kamwe, ambazo huitwa isotopu thabiti. Deuteri na oksijeni nzito ni za jamii hii ya pili, wala hazina madhara yoyote kwa mnywaji. Katika maji ya bahari, kwa kila atomi milioni 1 za hidrojeni, 156 hivi ni deuteri. Na kwa kila atomi 1,000 za oksijeni, 2 hivi ni zile nzito.

Uchache huo ndio uliozificha kwa muda mrefu. Oksijeni nzito iligunduliwa mwaka 1929 na William Giauque na Herrick Johnston katika Chuo Kikuu cha California. Deuteri ilipatikana mwaka 1931, na namna ilivyopatikana yafaa kukumbukwa. Harold Urey, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alifikiri kwamba hidrojeni iliyogeuzwa kuwa majimaji ikiachwa ikauke polepole, atomi nyepesi zitatangulia kutoka na zile nzito zitabaki nyuma. Mwenzake Ferdinand Brickwedde aliikausha hidrojeni hiyo mpaka ikasalia kidogo sana, na katika masalio hayo Urey na George Murphy wakaiona alama ya deuteri. Mwaka 1934 Urey alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Basi twaona kwamba tangu mwanzo elimu hii ilijengwa juu ya jambo moja: kitu kinapogeuka kuwa mvuke, chepesi hutangulia na kizito huchelewa.

Jambo hilohilo hutendeka baharini kila siku. Mvuke unapopanda, maji mepesi hutoka kwa urahisi zaidi kuliko yale mazito, hata mvuke ukawa na upungufu wa deuteri na wa oksijeni nzito ukilinganishwa na bahari iliyouzaa. Mvuke huo unapogeuka kuwa mvua mambo huwa kinyume: yaliyo mazito hutangulia kuanguka. Kwa hiyo wingu linalosafiri kutoka pwani kwenda bara hupoteza maji yake mazito njiani, na mvua yake huwa nyepesi kadiri linavyokwenda mbali, linavyopanda juu na linavyopata baridi.

Mtu wa kwanza kuliona jambo hili wazi katika mvua alikuwa Willi Dansgaard wa Copenhagen, Denmark. Bwana huyu alikuwa na kazi ya kuiangalia mashine mpya ya kupimia uzito wa atomi, iitwayo spektrometa ya masi, iliyonunuliwa kwa ajili ya utafiti wa elimu ya viumbe na tiba. Mwezi wa Juni mwaka 1952 aliweka chupa tupu ya bia katika bustani ya nyumba yake, akatia faneli mdomoni mwake, akakinga mvua. Mvua ilipoendelea kunyesha, akakinga tena na tena kwa vyombo vya jikoni, kisha akayapima maji hayo moja moja. Aliona kwamba hayakuwa sawa: wingu lilipokuwa na baridi zaidi, oksijeni nzito ilikuwa chache zaidi. Mwaka 1954 aliandika kwamba barafu ya kale ya Greenland yaweza kutueleza hali ya hewa ya zamani, kwa kuwa kila tabaka lake ni mvua ya theluji iliyohifadhiwa. Maneno hayo yalithibitika. Mwaka 1966 Wamarekani walitoboa barafu ya Greenland mahali paitwapo Camp Century mpaka wakafika kwenye mwamba, karibu mita 1,390 chini, na mwaka 1969 Dansgaard na wenzake wakatangaza habari za hali ya hewa ya maelfu na maelfu ya miaka zilizosomwa katika barafu hiyo.

Sasa na tuutazame mwaka 1961, uliokuwa mwaka wa maana katika habari hizi. Mwaka huo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, yalianza kazi ya kukusanya mvua ya kila mwezi kutoka vituo vilivyotawanyika duniani kote, ili isotopu zake zipimwe. Afrika Mashariki haikuachwa nyuma: katika miaka hiyo ya 1960 maji ya mvua ya Entebbe na ya Dar es Salaam yalikuwa miongoni mwa yale yaliyopimwa. Mwaka huohuo mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha nchini mwetu na katika nchi jirani kati ya Oktoba na Desemba. Mito ilifurika, na kufikia mwaka 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Na mwaka huohuo Harmon Craig, aliyekuwa mwanafunzi wa Urey na wakati huo akifanya kazi katika Taasisi ya Scripps huko California, alitoa makala fupi yenye mchoro mmoja tu ambao hata leo hutumiwa na kila apimaye maji.

Craig alikuwa amepima maji ya namna 400 hivi: ya mvua, ya theluji, ya mito na ya maziwa, kutoka nchi nyingi. Ili vipimo vilingane, aliyafanya maji ya bahari kuwa kiwango, yaani sifuri. Na kila maji mengine akayataja kwa upungufu wake, sehemu ngapi katika 1,000. Alipoviweka vipimo vyote katika mchoro, karibu vyote vilijipanga katika mstari mmoja ulionyooka, isipokuwa vile vya maziwa yaliyokaushwa sana na jua. Kanuni ya mstari huo ni nyepesi. Chukua upungufu wa oksijeni nzito, uzidishe kwa 8, kisha utoe 10. Utapata upungufu wa deuteri. Kwa mfano, mvua iliyopungukiwa na oksijeni nzito kwa sehemu 5 katika 1,000 haikupungukiwa na deuteri kwa sehemu 40, bali 30 tu.

Ile 8 haikuwa na shida. Katika bahari yenye joto la digrii 25, mvuke unaolingana na maji kwa utulivu hupungukiwa na oksijeni nzito kwa sehemu 9 hivi katika 1,000, na deuteri kwa sehemu zaidi kidogo ya 70. Na mtu akigawanya atapata 8 au karibu yake. Lakini ile 10 ilikuwa fumbo. Mwanafunzi mwenye kufikiri ataliona mara moja. Bahari ni sifuri kwa oksijeni na sifuri kwa deuteri. Ikiwa mvua yote imetokana na bahari, na ikiwa mvuke hupanda kwa utulivu tu, basi mstari wa mvua ungepaswa kupita katika nukta ya bahari. Haupiti. Mvua za dunia nzima zina ziada ya deuteri ambayo haikuelezwa na hesabu za maabara. Ilikuwa rahisi kusema kwamba 10 katika 1,000 ni kitu kidogo, kikaachwa. Hawakukiacha, na hiyo ndiyo sifa yao. Waliona kwamba ikiwa ziada hii haikuletwa na mawingu, lazima imeletwa na mvuke tangu mwanzo wake. Wala hapana mahali pa kuutafuta mvuke huo isipokuwa juu ya bahari yenyewe.

Craig na mwenzake Louis Gordon wakaupima mvuke kutoka melini. Kazi haikuwa rahisi, maana mvuke hauonekani wala haushikiki kwa mkono. Njia iliyotumika zama hizo, na kwa miaka mingi baadaye, ilikuwa kuivuta hewa kwa pampu na kuipitisha katika mrija wa kioo uliozamishwa katika baridi kali, kama ile ya barafu kavu. Mvuke hugandamana ndani ya mrija kama umande ulioganda. Kisha mrija hufungwa, ukahifadhiwa mpaka meli irudi bandarini, na maji yake yakapelekwa kwenye spektrometa. Sharti mvuke wote unaswe, usipotee hata kidogo. Kwani sehemu ikiponyoka, ile iliyobaki haitakuwa na uwiano uleule, na kipimo chote kitaharibika. Sharti pia mdomo wa mrija uwe mahali pasipofikiwa na marashi ya mawimbi wala na moshi wa meli.

Mwaka 1965, katika mkutano uliofanyika Spoleto, Italia, wawili hao walieleza waliyoyaona. Mvuke ulio juu ya bahari ulikuwa umepungukiwa na oksijeni nzito kuliko hesabu ya utulivu ilivyotaka. Sababu yake waliieleza hivi. Pale maji yanapogusana na hewa, pana utando mwembamba wa hewa iliyoshiba mvuke. Juu yake pana tabaka jembamba la hewa iliyotulia. Na juu zaidi ni hewa huru inayochafuliwa na upepo. Molekuli ya maji sharti ivuke lile tabaka lililotulia kwa kupenya katikati ya molekuli za hewa, na hapo mbio si sawa. Molekuli ya kawaida, yenye uzito wa 18, hupita upesi kuliko zote. Ile yenye deuteri, yenye uzito wa 19, huifuata. Na ile yenye oksijeni nzito, yenye uzito wa 20, huchelewa zaidi. Kwa hiyo mvuke ufikao juu huwa umepungukiwa na oksijeni nzito kupita kiasi chake, na deuteri ikaonekana kuwa na ziada.

Lakini mbio hizo huwa na nguvu tu pale hewa ya juu inapokuwa kavu. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, molekuli zinazopanda na zinazorudi huwa karibu sawa, na tofauti ya mbio haina athari. Basi ile 10 haikuwa kosa la hesabu. Ilikuwa alama ya ukavu wa hewa iliyo juu ya bahari za dunia, iliyoandikwa katika kila tone la mvua. Ushahidi mwingine ulitolewa mwaka 1970 na Joel Gat na Israel Carmi. Hawa walionyesha kwamba mashariki ya Bahari ya Mediterania, ambako wakati wa baridi hewa kavu ya bara hushuka juu ya maji yenye joto, ziada hiyo hupanda hata kupita 20.

Dansgaard, katika makala yake ya mwaka 1964, ndiye aliyeipa namba hii jina lake, akaiita ziada ya deuteri. Mwaka 1979 Bibi Liliane Merlivat na Bwana Jean Jouzel wa Ufaransa wakaiwekea kanuni kamili, wakieleza jinsi inavyofuata unyevu wa hewa, joto la bahari na nguvu za upepo. Kutokana na kanuni yao, ile 10 yalingana na unyevu wa karibu sehemu 80 katika 100 juu ya bahari. Mwaka 1982 wao na Claude Lorius waliitumia kanuni hiyo kuisoma barafu ya kale ya Antaktika. Waliona kwamba katika zama za baridi kuu ziada ya deuteri ilikuwa ndogo kuliko ya sasa, wakasema kwamba hewa ya baharini zama hizo ilikuwa na unyevu zaidi. Lakini baadaye wengine waliisoma namba hiyohiyo kuwa ni habari ya joto la bahari.

Hapa msomaji aone uzito wa jambo lenyewe. Barafu ni ileile na vipimo ni vilevile; lakini mmoja asoma unyevu, na mwingine asoma joto. Historia ya hali ya hewa ya dunia yaweza kusomwa vibaya, si kwa sababu barafu yasema uongo, bali kwa sababu hatujui sawasawa kilichotokea siku ile mvuke ulipoiacha bahari. Wala barafu haiwezi kuwaamua wenye kushindana. Mwamuzi ni mvuke wenyewe, upimwe juu ya bahari ya leo, penye joto na penye baridi, penye upepo na penye utulivu, mara nyingi sana.

Na hiyo "mara nyingi sana" ndiyo iliyokosekana kwa zaidi ya miaka 40. Mrija wa baridi ulihitaji saa nyingi kukusanya maji ya kutosha, na safari nzima ya meli ilileta vipimo vichache tu. Hata hivyo waliovumilia walipata faida. Mwaka 2008 Ryu Uemura na wenzake wa Japani walitangaza vipimo vya mvuke walioukusanya kwa njia hiyo katika bahari ya kusini inayozunguka Antaktika, navyo vilionyesha kwamba ziada ya deuteri kweli hufuata unyevu wa hewa na joto la maji, kama kanuni ilivyotabiri.

Katika miaka hiyohiyo kilipatikana chombo kipya kilichobadilisha kazi yote. Ndani yake mna chumba kidogo chenye vioo vinavyorudisha mwanga karibu wote. Mwali wa leza huingizwa humo, ukaenda na kurudi kati ya vioo mara maelfu, hata ukawa umesafiri kilomita nyingi ndani ya chumba kisichozidi urefu wa mkono. Kila namna ya molekuli ya maji humeza rangi yake maalumu ya mwanga. Hivyo kwa kuangalia mwanga unavyofifia, chombo huhesabu molekuli nyepesi na nzito kila baada ya sekunde chache, bila kugandisha kitu. Lakini chombo hiki nacho chahitaji uangalizi, kwa kuwa majibu yake huyumba unyevu ubadilikapo na siku zipitapo. Kwa hiyo mara kwa mara hulishwa maji ambayo isotopu zake zimekwisha kujulikana, kama vile mfanyabiashara mwaminifu ajaribuvyo mizani yake kwa mawe ya serikali.

Kwa chombo hicho Hans Christian Steen-Larsen na wenzake waliupima mvuke wa Atlantiki katika kisiwa cha Bermuda kwa siku 500, wakaeleza waliyoyaona mwaka 2014. Kuanzia mwaka 2015 chombo kama hicho kilifungwa katika meli ya utafiti ya Ujerumani iitwayo Polarstern, ambayo huivuka Atlantiki kutoka upande wa Aktika mpaka Antaktika. Na mwaka 2020, mwezi wa Januari na Februari, vingine vilichukuliwa kwa meli na kwa ndege karibu na Barbados. Pale ambapo zamani ulipatikana mrija mmoja wa maji kwa siku, sasa vipimo ni maelfu. Navyo vimethibitisha kwamba unyevu wa hewa, ukipimwa kwa kulinganishwa na joto la uso wa bahari, una sehemu kubwa katika ile ziada. Ama sehemu ya upepo, wataalamu bado wajadiliana juu yake.

Twaweza kuuliza: mambo haya yatufaa nini sisi tulio pwani ya Bahari ya Hindi na bara yake? Yatufaa sana. Mvua kubwa ya mwaka 1961, na ile ya 1997, na ile ya 2019, zote zilikuja wakati maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yalipokuwa na joto kupita kawaida. Kinyume chake, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana ikipungua, na wafugaji wa kaskazini ya Kenya wakapoteza mifugo mingi. Barafu ya Kilimanjaro nayo ilitobolewa mwaka 2000 na Lonnie Thompson na wenzake, ikapimwa oksijeni nzito ili itoe habari za mvua za kale. Kuzisoma habari hizo sawasawa kwahitaji kujua jinsi mvuke unavyotoka baharini. Tusidhani kwamba kupima isotopu ni kutabiri mvua ya kesho, sivyo. Faida yake ni kuyajaribu yale mahesabu makubwa yatabiriyo hali ya hewa. Hesabu yaweza kutoa kiasi cha mvua kilicho sahihi kwa njia iliyo mbovu, kama mwanafunzi apataye jibu kwa kubahatisha. Lakini ikitakiwa itoe pia isotopu za mvua hiyo, hulazimika kuonyesha kazi yake.

Lau Craig angaliifuta ile 10, au angaliihesabu kuwa kasoro ya mashine, mstari wake ungalikuwa mzuri zaidi kwa kutazama, nao ungaliifikia bahari. Lakini ungalikuwa wa uongo, na wala hapangalikuwa na mtu wa kuuliza hewa iliyo juu ya bahari ni kavu kiasi gani. Kwa sababu iliachwa mahali pake, tone la mvua lianguka Entebbe au Dar es Salaam na kuleta pamoja nalo habari za bahari lilikotoka, kwa yule aliyejifunza kulipima.